Kipindi Kimoja kwa Juma

Jumapili, tarehe 7 Januari 2024

Binti yangu Chancelle amenilipia huduma ya filamu kutoka Lubumbashi alikoolewa. Anasema nyumba imenyamaza mno tangu mama yao afariki. Kuna tamthilia ya vipindi kumi: wana wa mwenye hoteli wanagombania urithi. Vyote kumi vimetolewa siku moja. Upuuzi. Nani anapakuliwa chakula cha juma zima katika sahani moja?

Papy alikuja baada ya misa, kucha zimejaa udongo mweusi wa machimbo ya Mutoshi. Mwanangu wa mwisho. Nilimsomesha hadi diploma ya serikali, naye anachimba kobalti mashimoni. Hatuna la kuzungumza — tukatazama. Kipindi kilipokwisha, skrini ikaanza kuhesabu ilete cha pili. Nikazima. Kimoja kwa juma, nikamwambia, kila Jumapili. Zamani kampuni ya mgodi ilituonyesha filamu Jumamosi, na mtaa mzima ukaijadili hadi Jumamosi nyingine.

Alicheka. «Tata, kule kwetu mutu hawezi kuacha filme katikati. Kesho anashuka mu shimo. Mwisho atayijua siku gani?»

Jumapili, nikamjibu.

Jumapili, tarehe 21 Januari

Amekuja. Cha tatu. Alileta mkate na kuuliza kama ninameza dawa za presha. Tulibishana saa nzima juu ya kaka mkubwa wa hoteli: mimi nasema ni mwizi, yeye anasema ni mwoga tu. Tangu mazishi hatujazungumza kiasi hicho.

Jumapili, tarehe 4 Februari

Siandiki kwa furaha.

Katikati ya kipindi cha tano mke wa mwenye hoteli alilazwa hospitali. Kikohozi kidogo, hakuna zaidi. Papy akachukua rimoti. «Tata, hii turuke kidogo. Haina maana.» Nikamuuliza amejuaje kwamba haina maana. Nikamnyang'anya rimoti, tukaendelea. Mama yule alifariki, mumewe akimshikilia ndoo — kama nilivyomshikilia mke wangu, Mujinga.

Papy hakutazama skrini. Alikuwa akinitazama mimi.

Nilimuuliza mara moja tu. Akakiri: ameiona yote tangu Noeli, usiku mbili, kwenye simu ya Stany, mchimbaji mwenzake, kambini.

Nikasema: basi Jumapili zote hizi umeketi hapa ukinidanganya.

«Mi nilikuwa nakuya kuona weye, Tata. Hapana filme.»

Nilimwambia kwamba mtu aliyekwisha kujua mwisho hana haja ya kuja. Nilifundisha miaka mingi. Aliyechungulia majibu nilimtoa darasani. Alisimama, akavaa kofia. «Bon. Siku ya yenga, hii Jumapili yako, njo siku muzuri ya kushuka. Balinzi banakuwaka kidogo.»

Hakubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

Jumapili, tarehe 11 Februari

Sikuiwasha skrini.

Jumatano ya Majivu, tarehe 14 Februari

Domitille, jirani yangu, mama yake Stany, alinisubiri nje ya kanisa, jivu bado kwenye paji la uso. Akanieleza jambo ambalo kumbe mtaa mzima unalijua. Jumapili vikosi vyote hushuka, kwa kuwa walinzi ni wachache. Papy peke yake alikuwa anakataa. Wenzake walimcheka: «Enda, mutoto ya mwalimu, enda ku masomo, ku leçon yako!» Naye alioga, akaja kwangu.

«Sasa anashuka na benzake,» Domitille alisema. «Na hii mvua, Mwalimu. Shimo inakunywa mayi. Mumuite.»

Nilimjibu kwamba mtoto ndiye anayemtafuta baba.

Alinitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa, akaenda zake.

Ijumaa, tarehe 16 Februari

Nimempigia Papy. Namba haipatikani. Nimempigia tena baada ya chakula. Nimemwomba Domitille amwambie Stany, Stany amwambie Papy: kipindi cha sita hakijatazamwa. Maneno hayo tu. Ataelewa.

Jumapili, tarehe 18 Februari

Mvua tangu alfajiri. Sikwenda misa. Nimeweka viti viwili.

Saa nne Domitille aliingia bila kubisha, kitenge kimelowa hadi magotini. Walishuka jana jioni, Stany na Papy, walale humo humo wachimbe hadi leo. Ujumbe wangu haukuwafikia. Mmoja wa wabeba magunia amempigia simu kwamba upande mmoja wa shimo umeporomoka. Upande gani, hajui. Askari wamefunga njia. «Wanawake banarudishwa. Bamesema tungojee ku nyumba.»

Akaketi kwenye kiti cha Papy. Ukimya ule haukuvumilika. Nikawasha.

Cha sita kikaisha. Skrini ikaanza kuhesabu. Kumi, tisa, nane — rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Sikubonyeza. Kikaja cha saba, kisha cha nane. Ninaandika huku kinachezwa cha tisa, na siwezi kusema nani ameshinda kesi ya hoteli. Domitille hatazami, anaishika simu kwa mikono miwili. Mara moja tu aliuliza: «Huyu muzee, mutoto wake atarudia ku nyumba?» Nikamwambia sijui. Stany anajua, akasema. Papy pia anajua, nikasema.

Cha tisa kimekwisha. Inahesabu.

Nimezima.

«Juu ya nini, Mwalimu? Imebakia moya tu.»

Ndiyo. Kimebaki kimoja tu. Hicho Papy atanihadithia mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, nami sitamkatiza.

Pikipiki inapanda barabara yetu, polepole, kwa sababu ya matope. Domitille amesimama. Mimi bado nimeketi. Inapunguza mwendo mlangoni pangu.