Ugonjwa Unaochagua Sura

Alhamisi, 16 Mei

Khanun anaumwa. Chupa zote hizi za samaki rafuni, na ugonjwa umekwenda kwake!

Jana mchana alikuwa anatamba, mapezi wazi, anamtishia kila anayepita. Leo kalala chini, mapezi kayabana. Ile rangi ya fenesi bivu iliyompa jina imekwisha, amebaki rangi ya uji wa mchele. Anapanda juu kuvuta hewa kama kawaida ya samaki wetu, anarudi chini, anapanda tena. Kama vile hewa hapati.

Huyu ndiye dume la mwisho la ukoo aliouzalisha baba mkwe maisha yake yote. Baba alituacha mvua za mwaka jana. Khanun akifa kabla ya kupata watoto — basi, ukoo umekwisha. Sitaki hata kuandika.

Mama mkwe alitoka hekaluni jana, mara ya kwanza tangu msiba, akiwa na furaha tele. Asubuhi hii kasimama mbele ya chupa muda mrefu. Akaniambia nimwangalie mzee wake. Ndivyo anavyomwita. Samaki — mzee wangu!

Ijumaa, 17 Mei

Nimembadilishia maji. Chumvi kidogo, majani makavu ya mti wa mkungu mpaka maji yakawa rangi ya chai. Nimemmulika na tochi nikitafuta ule unga wa dhahabu unaoua samaki. Hakuna. Wala madoa, wala kuvimba.

Decha, mume wangu, anasema ni maji ya bomba, wameongeza dawa. Nikamuuliza mbona wenzake wanakunywa maji hayohayo na wanacheza? Kakuna kichwa, kaenda kula.

Jumapili, 19 Mei

Amepona! Kaniona na viluwiluwi vya mbu akaja mbio, kala vyote, akanikasirikia kwa nini vimekwisha. Ni chumvi, nakwambia. Chumvi na mkungu! Nimeimba nikipika. Decha ameniomba niache kuimba. Sikuacha.

Alhamisi, 23 Mei

Nilisherehekea mapema. Khanun kalala tena. Na safari hii si peke yake — yule wa bluu naye, na yule mweupe mwenye mkia mpana. Warembo watatu!

Ila Kovu, yule mwenye pezi lililochanika na mdomo kombo, yuko chupa ya jirani, ananenepa tu. Maji mamoja, chakula kimoja, mkono mmoja unaowalisha. Ugonjwa gani huu unaochagua sura?

Mjomba Phairot kaja kutoka nyumba ya pili. Naye anafuga, alishindana na Baba tangu ujana wao na hajawahi kukubali kushindwa. Kawatazama wagonjwa, akatikisa kichwa.

"Binti, hawa wanaringa tu. Wanataka daktari au bibi harusi?"

"Mjomba, sicheki."

"Basi nicheke mimi. Halafu nikushauri: usimtazame samaki peke yake. Tazama na nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako."

Kaondoka na embe zangu mbili. Nguo zangu zina nini?

Jumamosi, 25 Mei

Maji mapya, wote watatu wamesimama. Wanapona upesi sana. Ugonjwa wa kweli hauondoki hivi, kama mtu kaitwa nje.

Nimeamua kuutega. Khanun nimempeleka dirishani, upande wa pili wa nyumba. Kovu nimemweka pale pale pa Khanun. Ugonjwa ukiwa wa mahali, utampata Kovu. Pole, Kovu.

Ijumaa, 31 Mei

Kovu mzima kama chuma. Khanun kule dirishani — hoi.

Kwa hiyo si mahali. Unamfuata yeye! Nilikaa chini nikataka kulia, halafu nikaona nikilia nitamwaga chozi kwenye chupa niongeze tatizo jingine. Nikainama nimwangalie kwa karibu. Pua yangu karibu iguse maji.

Yananukia.

Yananukia asmini! Na yale manukato ya mwaka mpya tunayowamiminia wazee mikononi. Nikaiinamisha chupa kwenye mwanga: juu ya maji pana ngozi nyembamba, ina rangi rangi kama mafuta barabarani mvua ikinyesha. Na chembe moja nyeupe. Nimeiponda kwa kucha. Nta ya mshumaa!

Masikini Khanun. Si kwamba anaumwa. Anapanda kuvuta hewa anakuta kifuniko cha mafuta.

Nimefurahi, nimeruka! Halafu nikaketi. Nani anatia manukato na nta kwenye chupa za samaki? Decha kaapa si yeye. Nimemwamini, hata mwenyewe hajipaki.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimemwona.

Mama mkwe katoka hekaluni, siku ya ibada, nguo nyeupe, bakuli la maji ya baraka mikononi. Yale ambayo watawa huyaombea huku mshumaa ukidondoka ndani, na maua, na manukato. Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni nakata vitunguu. Hakuniona. Akaenda moja kwa moja dirishani kwa Khanun. Akachovya ua, akatikisa juu ya chupa. Tone, tone, tone. Akamwambia ale vizuri, apate mke, ukoo usipotee. Akampa na salamu za kumfikishia Baba, kutoka kwa mkewe.

Kisha wa bluu. Kisha mweupe. Alipofika kwa Kovu akatazama, akasita, akampita!

Niliuma kitambaa cha jikoni nisicheke. Kumbe na machozi yananitoka, na si ya vitunguu. Anawabariki aliowapenda, anawalaza kwa baraka. Alipoingia kubadili nguo nilikimbia kama mwizi, nikawabadilishia maji wote watatu.

Ijumaa, 7 Juni

Khanun mzima, anatamba. Mama mkwe kapiga makofi. "Unaona, mkwe? Wewe na chumvi yako! Maji ya hekalu hayo!"

Nimesema ndiyo, Mama. Ningesema nini?

Nimemweleza Decha tulipokuwa tunafua. Kacheka mpaka kakaa kwenye beseni. Nikamwambia basi akamwambie mama yake.

"Mimi? Mimi ni mwanawe, atanilaani. Wewe ni mkwe, atanuna tu."

Mwoga. Lakini na mimi ni mwoga. Tangu Baba afariki Mama hajawa na kitu cha kumpa mzee wake ila hayo matone. Nimwambie kwamba alikuwa anamuua? Nitaendelea kubadili maji kila siku ya hekalu. Nani ataumia?

Jumatano, 12 Juni

Khanun kaoa! Juzi nilimhamishia kwenye mtungi mpana, akajenga kiota cha mapovu, kinono, kama povu la sabuni ya dobi. Leo nimemtia jike. Kakimbizwa, kararuliwa pezi, kakubali. Saa nzima Khanun anaokota mayai kwa mdomo na kuyapandisha mapovuni. Moja likidondoka analifuata mpaka chini. Baba gani huyu!

Jike nimemtoa. Sote tulisimama kuzunguka mtungi, hata mjomba Phairot, aliyesema watoto wakiwa na sura ya Kovu atawachukua yeye. Mama mkwe kamshika mkono, kamwambia Baba angefurahi kumwona amenyamaza. Phairot akanyamaza kweli.

Nikiwa nacheka, ndipo likanijia. Keshokutwa ni siku ya hekalu. Na mtungi huu siwezi kuubadilishia maji. Nikigusa tu, kiota kinavunjika.

Ijumaa, 14 Juni

Mama mkwe kesha kwenda hekaluni. Nimeketi na mtungi, mgongo ukutani. Mayai bado yamening'inia. Khanun anayalinda, na mimi namlinda yeye. Decha ghafla amekumbuka kazi sokoni.

Nilifikiria kufunika mtungi. Nilifikiria kumpokea bakuli mlangoni nijikwae. Upuuzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Namwambia leo. Mlango huo —

Baadaye kidogo.

Aliingia na bakuli. Akanikuta nimesimama mbele ya mtungi, mikono nimeipanua kama golikipa. Akaniuliza nina nini.

Nikamwambia yote. Nta, manukato, hewa. Nikasema, "Mama, si baraka yenye kosa. Ni mafuta tu."

Akalitazama bakuli. "Kwa hiyo ugonjwa ni mimi?"

Akakaa chini. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikajua nimemliza, nikapiga magoti — kumbe anacheka!

Anasema Baba alikuwa akimfokea kila alipokaribia chupa. Ondoka na manukato yako, mama! Ujana wao wote. Na yeye miaka yote aliamini ni wivu, kwamba hataki samaki wampende mtu mwingine. Walinuniana wiki nzima kwa ajili hiyo, zaidi ya mara moja.

Kisha akanyanyuka, akaniinamisha kichwa, akanimiminia bakuli nusu. Yote utosini, na maua. Kasema mimi nina hewa ya kutosha, nitavumilia. Nimelowa, karatasi inalowa, nanukia kama hekalu zima.

Nusu iliyobaki kaichukua. Nilishtuka. Lakini kapita mtungi mbali, kazunguka kabisa, huku kaziba bakuli kwa kiganja. Kaenda kwenye picha ya Baba. Sasa hivi yuko pale anainyunyizia maji na kugomba naye, namsikia kutoka hapa: "Si ungenieleza! Mdomo ulikuwa nao! Neno moja tu, mafuta, ningekuelewa!" Anacheka, anafuta kioo cha picha kwa pindo la nguo yake nyeupe, anagomba tena.

Kesha kunawa mikono, kwa sabuni, mpaka viwikoni. Amerudi kwenye mtungi na kuinama, pua kaiweka mbali kwa adabu, pumzi kaibana. Ananiita kwa mkono. Sasa kwa sauti —

"Mkwe! Weka kalamu! Njoo, njoo, kitoto kimoja kimetikisa mkia —"