Nimefuta Jibu la Kaka wa Bibi Harusi

Gisenyi, tarehe 14 Oktoba 1999

Mama Béata, pole na kazi ya kusoma shida za watu na kuzijibu gazetini. Yangu uisome mapema, nakuomba sana, maana ikifika Ijumaa ya tarehe 22 bila mi kujua la kufanya, ndoa ya mtoto wa watu itavunjika na mkosaji ni mimi, na mpaka leo hakuna anayejua isipokuwa mimi na kompyuta, na kompyuta haisemi.

Mi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, nimezaliwa Goma, tumerudi Rwanda mwaka 94, donc Kiswahili changu unisamehe. Niko na sekretaria ndogo hapa mjini, tunapigia watu barua na mikataba, tunatoa fotokopi. Mwaka 97 shirika moja lilifunga ofisi na mkubwa wao akaniachia kompyuta ya zamani, ile ya maandishi ya kijani ambayo watu wa Kigali wakiiona wanacheka, pamoja na modemu na kitabu cha maelezo cha Kifaransa, na mi nikasoma kile kitabu miezi minne mpaka nikafungua ubao. Ubao, Mama, ni hivi: mtu mwenye kompyuta kwake anapiga namba yangu ya simu, kompyuta yangu inapokea yenyewe, yeye anaona kurasa zangu kwenye skrini yake, anasoma matangazo, bei ya viazi na maharagwe, anaacha barua kwa mwenzake, anatoka, mwingine anaingia, mmoja mmoja maana laini ni moja. Ukurasa wa kwanza nimechora mlima wa moto, Nyiragongo, kwa nyota na mistari, na moshi wake, kazi ya siku tatu. Wapigaji wako arobaini na mmoja: paroko, watu wa kahawa, ofisi za mashirika, hata mwalimu mmoja anayejiita Simba na ni mtu mfupi kabisa. Asiye na kompyuta anakuja kaunta, anasema maneno yake, mi naandika, na jibu likija namchapia kwenye karatasi na kuikunja bila kusoma. Ukutani nimebandika: HAPA BARUA HAIPOTEI.

Ng'ambo ya mpaka, Goma, iko ubao mwingine, wa Jean de Dieu. Ofisi yake iko karibu na mpaka na simu yake ni laini ya huku kwetu. Kila siku saa saba mchana, watu wakienda kula, kompyuta yake na yangu zinapigiana na kubadilishana barua, na za Bukavu yeye zinamfikia kwa diskete, kwenye meli. Tulisoma shule moja. Hatuchukiani, lakini tunashindana. Mwezi wa tatu kompyuta yake ilikufa na barua zote, na mi nikaandika kwenye ukurasa wa watu wote: «Ubao wa Goma umefariki, poleni wafiwa, matanga kwa Jean de Dieu.» Watu walicheka wiki mbili. Yeye hakucheka. Tangu siku ile hafuti kitu, kila barua inayopita kwake anaiweka kwenye diskete, na diskete anazipanga ndani ya makopo ya maziwa ya unga, kopo moja kwa mwezi, na mi nikamcheka tena, nikamwita Mama Maziwa.

Sasa iko mama mmoja, Mukandutiye, anatoka Busasamana kuuza viazi sokoni Jumanne na Ijumaa, na akimaliza, saa nane, anapita kwangu. Mume wake alishafariki. Binti yake Liliane anafundisha shule ya msingi, na ameposwa na Ramazani, fundi wa redio wa Goma, kijana muzuri, ila ni Mwislamu na wao ni Waadventista. Mama alikuwa amekubali nusu. Nusu nyingine alimwachia Gisubizo, mwanawe mkubwa anayefanya kazi Bukavu, maana baba hayupo, na siku ya gusaba, pale ukoo wa kijana unapokuja kuomba binti, ni Gisubizo atakayekaa mbele na kuwapokea. Mwezi wa nane mama akaniambia niandike hivi: «Gisubizo, dada yako ameombwa na Mwislamu. Wewe ndiye baba. Ukikubali sema, ukikataa sema.» Nikatuma.

Jibu lilikuja Jumatano, tarehe 15 Septemba. Niliona kichwa tu: KUTOKA Gisubizo, KWA Mama Mukandutiye, HABARI Jibu kuhusu Liliane. Sikufungua, ni sheria yangu. Nikasema Ijumaa atakuja, nitamchapia.

Alhamisi akaja Aloys, mhasibu wa watu wa kahawa, akaniuliza kama masini yangu itavuka mwaka 2000 au itadhani tumerudi 1900, kwa sababu Jean de Dieu anajitapa kwamba yake ameshaijaribu na imevuka. Mama, lile jina lilinichoma. Nikasema yangu nayo itavuka, na mbele ya macho yako. Nikabadilisha tarehe, nikaandika 1 Januari 2000, na ikavuka, bila tatizo lolote, tukapeana mikono na Aloys na nikamwambia twende tukale sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mi nalipa, na kwa furaha ile sikurudisha tarehe. Na mi mwenyewe, siku nyingi zilizopita, niliiagiza hii kompyuta kwamba kila saa saba kasoro robo ifanye usafi: barua yenye zaidi ya siku sitini, futa. Basi ikaangalia kalenda, ikaona ni mwaka mwingine na barua zote zimezeeka. Niliporudi na vidole vina mafuta ya sambaza nikakuta kwenye skrini: BARUA: 0. Diskete ya akiba? Nilikuwa nimeandika mchezo wa karata juu yake.

Niliwaambia watu ilikuwa panne, umeme ulikatika, wakatuma upya na yakaisha. Lakini Gisubizo hajui. Yeye anajua ameshajibu. Na Mukandutiye amekuja mara nane tangu siku ile, na mara zote nane anaegemea kaunta na kuuliza, «Védaste, iko kitu?» na mi najibu, «Bado, mama.» Jumanne hii hakuishia hapo. Alikaa kwenye benchi akasema, «Mutoto ananyamazia mama yake? Basi amekataa. Mi siwezi kumuuliza mara mbili, mutu mukubwa anaulizwa mara moja. Ijumaa ya wiki ijayo kama hakuna kitu, natuma mutu kwa akina Ramazani, wasikuje.» Gusaba ni Jumamosi, tarehe 30.

Jana akaja Liliane mwenyewe, bado ana chaki mikononi. Akaniambia, «Kaka ndiye alinifundisha kusoma. Kama amekataa sitaolewa kwa kumkaidi. Lakini angesema hata sababu.» Mi nikajifanya karatasi imekwama kwenye masini ya kuchapa, nikainama pale mpaka akatoka.

Alipokwisha kwenda nikaandika: «Mama, nimekubali. Waje. Gisubizo.» Bado sijachapa. Naona labda ndivyo alivyosema, na kama sivyo, basi Liliane atakuwa ameolewa na anayempenda, ubaya uko wapi? Lakini usingizi sipati. Kumwambia mama ukweli naogopa, wapigaji wote watakimbilia ubao wa Goma. Kumuuliza Jean de Dieu, hapana, heri nife. Niambie, nichape ile barua ama nisichape? Jina langu usiliweke, namba yangu ya simu iko chini.

Mwenye ubao


MAMA BÉATA ANAJIBU

Védaste (jina hilo nimekupa mimi, na majina ya wengine wote nimeyabadilisha, kwa hiyo tulia),

Usichape. Nimekujibu la kwanza, sasa nisikilize.

Kusahau tarehe si dhambi. Ulifurahi, ukaenda kula sambaza na mwenzako, kompyuta ikafanya ulichoiagiza. Pole, na ningeishia hapo kama ungemwambia yule mama Ijumaa ileile: «Mama, jibu lilikuja, nimelifuta kwa bahati mbaya, tumwandikie tena.» Angekukemea dakika tano, angekwenda zake, na leo angekuwa na jibu mkononi. Badala yake umemtazama mjane usoni mara nane ukamwambia «bado», wakati unajua lilikuja! Hilo neno «bado» ndilo linalovunja ndoa ya Liliane. Kompyuta yako ilifuta mara moja tu.

Na hiyo barua uliyotunga, ayi we! Mtu mzima unajifanya kaka wa mtu? Tuseme umeichapa. Mama amefurahi, pombe ya ndizi imeandaliwa, kiti cha mbele kimewekwa, na Gisubizo ameshuka kwenye meli. Mama anamwambia, «Asante mwanangu kwa ile barua yako fupi.» Naye anauliza, «Barua gani fupi?» Mbele ya wakwe. Njia ya mwongo fupi, na yako ni fupi kuliko uwanja wa pale nyumbani kwao. Unauliza ubaya uko wapi? Ubaya ni kwamba yule mama alikuwa na swali kwa mwanawe, na wewe unataka kumjibia. Ifute sasa hivi. Kufuta unajua.

Sasa tuje kwa Jean de Dieu. Nilisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilifika kwenye yale makopo ya maziwa nikaweka kalamu chini, nikacheka peke yangu ofisini, halafu nikakasirika kweli. Umeandika kwa mkono wako kwamba kila barua inayopita kwake anaiweka, kopo moja kwa mwezi. Barua ya Gisubizo ilipita kwake. Kwa hiyo iko Goma, ndani ya kopo la mwezi wa tisa, na umejua hivyo tangu siku ya kwanza. Hukuniandikia kwa sababu hujui la kufanya. Umeniandikia ukitumaini nitakuonyesha njia isiyopita mlangoni kwa mtu uliyemwita Mama Maziwa. Njia hiyo haipo.

Mficha uchi hazai, bwana. Nenda ukamwone, na usimtumie ujumbe kwa modemu. Toka kwako mpaka petite barrière, pale pa kuvukia mpaka, ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mvivu. Mwambie hivi: «Nilikucheka kwenye msiba wako, sasa umenifika wangu. Nisamehe, nisaidie kopo la mwezi wa tisa.» Atacheka. Mwache acheke. Akitaka kuandika kwenye ukurasa wa watu wote kwamba ubao wa Gisenyi umefariki, mwambie na «poleni wafiwa» aongeze, unadaiwa. Halafu mwachie achape barua ile yeye, uikunje, na usiisome hata kama mikono inakuwasha. Sheria yako hiyo ni nzuri, ndiyo kitu pekee katika kisa hiki ambacho hukukiharibu.

Ukiwa nayo mfukoni, usifanye ujanja wa kusema «imefika leo». Kwanza mwambie mama ulichofanya, chote, na mara nane zote. Ndipo umpe karatasi. Anaweza kukutukana, anaweza kulia, wapigaji kumi wanaweza kuhamia Goma. Wataona angalau kwamba una mdomo wa kusema ukweli, na huenda wakarudi. Ule mstari ukutani ubandue mwenyewe kabla hajaubandua mtu mwingine.

Kama Gisubizo ameandika hapana, ni hapana yake, na Liliane atapata ile sababu anayoitaka, ili abishane na kaka yake kama ndugu wanavyobishana. Si kazi yako kuwachagulia. Na kama kopo halina kitu, mwambie mama hivi: kumwandikia tena si kuuliza mara mbili, maana jibu la kwanza hakulipata. Huyo mama ana heshima zake lakini haelekei kuwa mjinga, atakuelewa. Gusaba inaweza kusogezwa wiki mbili, ukoo wa Ramazani hautakufa.

Jambo la mwisho. Nimekupigia simu Jumatatu, nikakupigia Jumanne, na jana nikakupigia tena, ili nikuambie haya mapema. Mara zote tatu kompyuta yako ilipokea na kunipigia filimbi sikioni mpaka nikakata. Kwa hiyo unayasoma haya leo, Ijumaa tarehe 22, na basi la kwanza kutoka Kigali linashusha gazeti hili kwenu saa nne. Mama anafika kaunta kwako saa nane. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini ubao wa kompyuta hapo Gisenyi ni mmoja tu, na yule mwalimu mfupi atajitambua kabla hajamaliza aya ya pili. Leo mama atausikia ukweli, kwako au sokoni. Una muda wa saa nne tu. Funga mlango, chukua kitambulisho, nenda Goma.