Maneno Ambayo Hayakuwa Kwenye Kadi

Jumamosi. Baridi ya Julai imekaza tangu asubuhi, nguo nilizoanua jana bado zina unyevu, na hapa mtaani Jericho kila mlango umefungwa isipokuwa wangu. Nimeuacha wazi makusudi. Nataka mtu apite aniulize habari.

Nina habari.

Nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitalia tena, na kibodi hii haipendi maji.

Mnaonisoma hapa mnajua kwamba sioni tangu utotoni, na mnamjua binti yangu Nafula, miaka minane, mdomo haupumziki. Wiki hii mwalimu wake alinipigia simu. Alizungumza kwa upole, na upole wa walimu huniogopesha kuliko ukali wao. Alisema Nafula hajui kusoma. Akipewa kitabu anasoma maneno ambayo hayapo, kana kwamba anabahatisha. Mambo yakibaki hivyo, Jumatatu atamhamishia kwenye kikundi cha watoto wanaoanza upya na herufi.

Kila jioni Nafula hunisomea kitabu cha shule, nami natia sahihi kwamba nimemsikiliza. Anasoma bila kukwama, hadithi tamu, mpaka sufuria inaungua nikiwa nimetega sikio. Sasa kama amekuwa akinitungia muda huu wote, mimi ningemkamata vipi? Ningeweza kumwomba jirani aangalie kitabu. Sikutaka. Huyu ni mwanangu, nilitaka kujua mwenyewe, kwa vidole vyangu.

Bahati yangu ni Wanjiru, rafiki yangu tuliyesoma naye shule ya wasioona. Yeye amepata mashine mpya ya breli, akanipa yake ya zamani. Ni kitu chembamba, urefu wake kama kibodi. Ukikiunganisha na kompyuta, maandishi yanainuka kwenye mstari mmoja wa nukta, unayasoma kwa kupapasa. Ukimaliza unabonyeza, nukta zile zinalala na nyingine zinaamka. Pamoja na mashine akanipa kadi ya memori aliyojaza vitabu, na kitabu cha Nafula kimo, kile kile cha shuleni.

Hiyo kadi nimeishika mkononi nikabaki kinywa wazi. Ni ndogo kama ukucha. Shuleni kwetu kitabu kimoja cha hadithi kwa breli kilikuwa mzigo wa kubeba kwa mikono miwili, ukikiangusha mguuni unachechemea. Leo maktaba nzima nimeitia kwenye mfuko wa sweta pamoja na chenji.

Kebo ndiyo iliyokosekana. Ndipo nikamwita Abdi, kijana mwenye duka la vifaa vya kompyuta Eastleigh, ambaye huja mpaka nyumbani ukimwomba vizuri. Alifika asubuhi na kebo mpya, akaketi mbele ya kompyuta, kisha nikamsikia anavuta pumzi kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama Nafula, pole. Hii kitu imekufa. Skrini ni nyeusi tii."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Skrini mimi huizima. Ya nini kulipia stima ya kitu nisichokiona? Nilimpa spika za masikio asikie jinsi kompyuta ilivyokuwa ikiongea, tena haraka haraka, maana nimeizoesha kasi. Akasema haki ya Mungu hajaelewa hata neno moja.

Akachomeka kebo. Kompyuta ikatoa ile milio miwili, wa chini kisha wa juu, ambayo kwangu ni kama mtu kusema hodi. Na chini ya vidole vyangu nukta zikasimama zote kwa pamoja.

Sijui niliandike vipi jambo hili. Miaka yote kompyuta imekuwa sauti sikioni mwangu. Leo ilinigusa.

Sikutaka kuiamini upesi. Nilifungua Baba Yetu, maana kwa sala hiyo siwezi kudanganywa, nikaipapasa kutoka mwanzo hadi amina. Hakuna neno lililopotea. Nikachomoa kebo, nikachomeka tena. Bado sawa. Basi nikamwita Nafula kutoka uani alikokuwa akiruka kamba, nikamwambia alete kitabu chake. Abdi alikuwa ameshaanza chai yake, akabaki.

Nafula akafungua ukurasa wa kwanza, nami nikaweka vidole.

"Mbuzi alikimbia sokoni," akasoma, na kweli mbuzi alikuwa anakimbia sokoni chini ya vidole vyangu. Moyo ukanipanda. Kisha akaendelea: "Mdomoni ana kitambaa cha njano. Mama Tatu akamfuata. Kiatu kimoja kiko mguuni, kingine ameshika mkononi."

Kwangu kulikuwa na mbuzi, soko, na Mama Tatu akamfuata. Kitambaa hakikuwepo. Viatu havikuwepo.

Nilimwambia ngoja kidogo.

Niwaambie ukweli, mtu wa kwanza niliyemshuku hakuwa Nafula. Niliishuku kadi. Nilitaka sana iwe kadi. Niliichomoa, nikaifuta kwa upindo wa leso, nikairudisha na kufungua kitabu upya. Mbuzi, soko, Mama Tatu. Nikafungua ukurasa wa pili, Nafula akanisomea mvua ilivyonyesha na watu wakakimbia. Maneno hayo ninayo. Akaongeza mzee aliyejifunika gunia la viazi, na mtoto anayecheka kwa sababu jino lake limeng'oka. Hao sina.

Nilimwomba Abdi awashe skrini na alinganishe na kitabu, pengine kadi ilikuwa na hitilafu na imekula mistari.

Nilisikia kurasa zikifunuliwa.

"Kadi iko poa, Mama Nafula. Kila neno kwa kitabu liko hapa. Hakuna kitu imepotea."

Basi mwalimu alisema kweli, nikawaza. Mwanangu hajui kusoma. Nilihisi aibu ya zile sahihi zote.

"Lakini huyu mzee wa gunia yuko," Abdi akasema. "Yuko kwa picha. Na huyu wa jino pia. Hata hiyo kitambaa ya mbuzi ni njano, kama amesema."

Kwa picha.

Nilimwita Nafula karibu, nikamuuliza kwa nini anasoma mambo ambayo hayajaandikwa. Hakuelewa swali. Nilimsikia akigeuza kurasa, akitafuta alipokosea.

"Si iko hapo kwa page, Mami? Nikiiruka utajua aje?"

Ndipo nikakumbuka.

Alipokuwa hajajua hata herufi moja, tulikuwa tukikaa kitandani na vitabu vyake vya picha. Kwa kila ukurasa nilikuwa na swali lile lile: kuna nini hapo? Naye ananiambia. Kisha akajifunza maneno, akayatia mle mle, na hakuna aliyemwambia kwamba kusoma kunaishia kwenye herufi. Kwake, ukurasa ni kila kitu kilichomo, na msikilizaji asiachwe nyuma. Ndivyo anavyonisomea mimi, na ndivyo anavyowasomea mwalimu na darasa zima, ambao wanajionea.

Tukasoma kitabu chote. Kila neno la kwenye kadi alilisoma, hata yale magumu yenye herufi nyingi. Hakuruka hata moja.

Mwanangu anajua kusoma!

Abdi alijifanya anakunja waya, lakini kamasi zake nilizisikia. Akaondoka bila kumaliza chai.

Jumatatu nitakwenda shuleni na mashine yangu kwenye mkoba. Nitamwambia Nafula asome maneno tu, ili mwalimu asikie. Nitamweleza mwanangu pia kwamba darasani hivyo ndivyo inavyotakiwa, na naamini ataelewa, kwani ni mwerevu. Ila hapa nyumbani sitamrekebisha. Namwomba Mungu asije akazoea kuziruka picha.

Nimekaa hapa na mlango wangu wazi, na bado nimeduwaa. Niliifungua kadi kumchunguza mtoto, nikakuta nimekuwa nikipewa macho kila jioni na sikujua.

Kabla ya kwenda kununua mboga tulirudia ukurasa wa mwisho. Nafula aliniuliza kama mashine yangu ina picha. Nikamwambia haina.

"Pole," akasema, akanisogelea.

Vidole vyangu vikafuata sauti yake, neno kwa neno, mpaka mbuzi akafungwa kamba na hadithi ikaisha. Nukta zikalala. Nafula akaendelea kusoma.