Kanda ya Baba na Deki Yetu

Mama, shikamoo. Mpunga upo juani, mvua ikitanda uanue. Hiyo damu sebuleni ni ya Kaka Octavian, usishtuke, yuko zahanati anashonwa.

Baba alivyokuwa anarekodiwa kabla hajafa, fundi alituuliza: kanda ndogo ya Betamaksi au kubwa ya VHS? Nikasema kubwa, ndiyo inayoingia kwenye deki yetu. Kaka akang'ang'ania ndogo, eti picha zake safi. Leo kaishindilia kwenye deki kwa bisibisi, utepe ukamwagika kama utumbo wa kuku. Nikamtwanga mchi wa kichwa.

Naipeleka Kisawasawa, kuna fundi mwenye deki ya Betamaksi.

~~Mwambie Kaka anisamehe.~~

Mwambie aombe Mungu sauti ya Baba iwe bado imo. Isipokuwemo, narudi kummalizia.

Kitindamimba wako, Deogratias