Uso wa Mama Umekuwa Tangazo la Unga

Jumamosi, Kitale. Mvua ilianza mchana na bado inanyesha taratibu, ile ya baridi inayofanya watu wavae sweta ndani ya nyumba.

Mpendwa shajara, nina mume.

Najua nimeshakuambia. Nimekuambia karibu kila mara nilipofungua blogu hii tangu harusi, na wasomaji wangu wachache wamenivumilia. Lakini maneno haya, "mume wangu", bado ni kama viatu vipya kwangu, natafuta sababu yoyote ya kutembea navyo. Dukani nasema mume wangu anapenda sukari nyingi. Kwa fundi wa nguo nasema mume wangu ana mabega mapana, tafadhali usibane. Simiyu akirudi kutoka kazini, pale anapouza mbegu na mbolea, ananuka dawa ya mahindi, na mimi naivuta harufu hiyo kama mtu amepita na maua.

Leo nilitaka kuandika kwa furaha hiyo hiyo. Nimeshindwa.

Nimetoka nyumbani kwetu Misikhu, upande wa Bungoma, kumwona Mama. Nimerudi nikiwa nimeelewa kwamba kitu nilichokiharibu kilikuwa kizuri kuliko nilivyofikiri.

Kwa wasiojua: kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Si chuki. Ni heshima, na wanaoijua wanaifanya kwa ustadi.

Simiyu anaijua. Kila tulipoenda Misikhu alikuwa anapita nyuma ya jikoni kwa Mama, ile nyumba ndogo ya udongo, anasimama nje kando ya ukuta na kuita, "Mayi, hujambo huko?" Mayi ni mama kwa lugha yetu. Mama anajibu kutoka ndani, "Sijambo, mwanangu. Ile mbegu uliniletea imeota yote, hata ndege wameshangaa!" Basi wanaendelea hivyo, ukuta katikati, wanaongea juu ya mvua, ng'ombe, mguu wa Mama unaouma. Mara nyingine wanacheka mpaka Mama anasahau mboga kwenye moto. Mimi nakaa kwenye ngazi ya nyumba kubwa, nawasikia wote wawili, na sijui ni nani nampenda zaidi.

Kumbe nilikuwa nimeketi ndani ya baraka. Mimi niliona kichekesho.

Kuna kampuni ya unga, jina lake sitalitaja, iliyotangaza shindano mtandaoni. Jirekodi na umpendaye, jikoni, pakiti ya unga wao ionekane vizuri. Video itakayopendwa zaidi itakuwa tangazo lao. Niliona video za wenzangu na zote zilifanana: mume anasonga ugali, mke anamfuta jasho, wanacheka. Nikasema hapana, yetu itakuwa tofauti. Nilitaka Kenya nzima imwone mume wangu. Huo ndio ukweli. Ndoa changa ina kiburi chake.

Jumapili tuliyomtembelea Mama nilinunua bunda zima la unga huo. Nikamwambia Simiyu, "Mpenzi, libebe mpaka jikoni, nitakurekodi ukiingia. Mama ameenda kwa jirani."

Mama hakuwa ameenda kwa jirani. Nilikuwa nimemsikia akikohoa humo ndani.

Yaliyofuata wengi wenu mmeyaona. Simiyu anainama kuingia mlangoni na bunda begani. Mama anageuka, anapiga kelele, ananyakua uteo wa kupepetea na kujifunika uso. Anatafuta mlango wa nyuma bila kuona, kitambaa kinamtoka kichwani, mvi zake zote nje. Simiyu anatupa bunda, linapasuka, unga unapanda kama moshi. Halafu mume wangu, mtu mzima wa mabega mapana, anageukia ukuta na kusimama pale, mikono nyuma, kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa. Na juu ya hayo yote ni sauti yangu. Nacheka. Nacheka mpaka simu inatikisika.

Simiyu alinisihi nisiiweke. "Mke wangu, hiyo si yetu," alisema. Nikambusu shavuni, shavu limejaa unga, nikamwambia hana ucheshi. Nikaiweka.

Kampuni iliichukua kabla hata hatujafika Kitale. Wakatia muziki, wakapunguza mwendo pale kitambaa kinapoanguka, wakaandika chini kwa herufi nyekundu: "Mkwe hukimbiwa. Unga huu haukimbiwi."

Maneno mazuri, nakubali. Mtu fulani ameketi ofisini akayafikiria, wenzake wakampigia makofi. Hata mimi nilipiga makofi. Watu walianza kuigiza. Wanafunzi walijifunika uso kwa madaftari, maharusi kwa sahani za keki. Wauza rangi wakadandia na picha ya Simiyu akiwa amegeuka: "Ukuta ukipakwa vizuri, hata wewe utautazama." Wauza magodoro wakamchora mama aliye na uteo, eti anakimbilia kulala. Kila mwenye kitu cha kuuza alikuja kukata kipande chake, na kila kipande kilikuwa cha Mama.

Nilifurahi. Nisijifanye. Wateja wa saluni ninakosukia walikuwa wananiomba tupige picha, na mimi nilikuwa najipaka lipstiki kabla ya kutoka.

Mama hana simu ya picha. Alijua kwa njia nyingine. Alienda sokoni Misikhu na vijana wa bodaboda wakainua vifuniko vya ndoo mbele ya nyuso zao. Alifikiri ni jua. Akafika kanisani, na mwenzake wa kwaya, mtu waliyeimba naye tangu sijazaliwa, akamwonyesha kwenye simu ya mjukuu. Mama alijiona akiwa na kichwa wazi, unga, na binti yake akimcheka.

Tangu siku hiyo hajaenda sokoni. Hajaenda kwaya. Nikimpigia anasema yuko salama, kisha anakata; nikipiga tena, simu ina shughuli.

Na Simiyu? Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Wateja wanamwambia "geukia ukuta kidogo, bana", naye anacheka nao. Lakini nikisema twende Misikhu ananiuliza, "Niende niseme nini? Hata sauti yangu ataiitikia?" Kisha ananishika mkono, kwa sababu ndivyo alivyo, na mimi najiona mdogo ndani ya huo mkono.

Jana dada mmoja wa kampuni ya unga, huko Nairobi, akapiga simu. Ana sauti tamu kama ya mtangazaji. Wanataka sehemu ya pili. Mama na Simiyu waketi meza moja, wale ugali sahani moja, halafu wakumbatiane. "Watu wanataka mwisho mwema, my dear. Itakuwa ya kihistoria, mila zimeshindwa na upendo." Nikamwomba waondoe ile ya kwanza. Akaniambia kwa upole kwamba nilipoituma kwenye shindano nilikubali iwe yao. Akaongeza, "Lakini ya pili ikitoka, ya kwanza itasahaulika."

Hapo ndipo ninapoona aibu kuandika. Nilienda Misikhu leo kuomba msamaha, ndiyo. Lakini nilienda pia na hilo ombi. Nilijiambia nalipeleka kwa ajili ya Mama.

Nilimkuta uani na Senge, yaani shangazi yangu, dada ya Baba. Mama alikuwa anapukuchua mahindi na hakuinua kichwa. Senge ndiye aliyenipokea.

"Karibu nyota wa unga! Leo umetuletea kamera ngapi?"

"Senge, tafadhali."

"Si nauliza tu? Nijue kama nivae wigi."

Nilipiga magoti mbele ya Mama nikasema nimekosa. Nilisema vizuri, nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Mama akasema, "Nimesikia. Inuka ukae kitini, udongo una maji." Nikaona uso umelegea kidogo, na mimi mjinga nikadhani mlango umefunguka. Nikalitoa lile la kampuni. Nilieleza meza, sahani, kukumbatiana.

Senge aliangusha gunzi.

"Ati wakumbatiane? Mkwe? Huyo mwanamke wa Nairobi alizaliwa na nani, mashine?"

"Wanasema itafuta ile ya kwanza," nikasema.

"Ukivuliwa nguo sokoni, aibu inafutwa kwa kuvuliwa tena?"

Mama alimnyamazisha kwa mkono. Akapukuchua gunzi zima mpaka likabaki jeupe, ndipo akanitazama.

"Unajua kwa nini nilikubali huyo kijana akuoe?"

Nikasema ni kwa sababu ana kazi na anasali.

"Wenye kazi wanaosali wako wengi. Kabla hamjaniambia lolote, nilikutana naye kwenye njia ya kisima, mvua imenyesha, mtaro umejaa. Mimi sikumjua. Yeye alinijua. Akaingia ndani ya mtaro na viatu vyake vya kazini, maji mpaka hapa, akageuka upande mwingine mpaka nipite. Hakuna aliyekuwa anamwona. Hakuna! Nikasema, anayenipa mimi heshima hivyo, mtoto wangu hatamkanyaga." Akachukua gunzi lingine. "Wewe ukachukua hiyo heshima ukawapa watu wachekee unga."

Sikuwahi kuijua habari ya mtaro. Simiyu hakuwahi kuniambia. Nimeolewa na mtu huyu, namwandikia sifa hapa kila wiki, na jambo lake zuri kuliko yote nililisikia leo, baada ya kuligeuza mchezo.

Nililia. Senge akasema, "Lia polepole, utalowesha mahindi," lakini alinipa kona ya leso yake.

Nikamwambia Mama nitarekodi video ya msamaha, nitapiga magoti mbele ya watu wote. Mama akatikisa kichwa.

"Usiniombe msamaha kwenye simu. Watacheka tena, wataweka nyimbo. Kuandika, andika, mdomo wako sijawahi kuuweza. Lakini sura yangu usiiguse. Jumatatu ni soko. Sijaenda kuuza maharagwe tangu vijana waanze ule upuuzi wao. Nitaenda, na wewe utakuja. Utakaa pale kando yangu kutoka asubuhi mpaka tufunge. Wanaotaka kucheka wacheke tukiwa wawili."

"Na Simiyu?" nikauliza.

Mama alipukuchua punje chache. "Simiyu sina neno naye. Mwambie mguu aliokuwa akiuulizia umepoa. Hilo tu, usiongeze mapambo yako."

Nimefika nyumbani nikiwa nimelowa. Simiyu alikuwa amepika, ndizi na maharagwe, na sijui nimemfanyia Mungu nini mpaka akanipa mtu huyu. Nikamwambia kama nilivyotumwa: Mama anasema mguu umepoa.

Aliweka mwiko chini. Akaniuliza nirudie. Nikarudia. Akaenda kusimama mlangoni akitazama mvua, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Aliuliza tu kama Mama hupenda chumvi ya ng'ombe ile ya tofali au ya unga, kwa sababu ataibeba mwenyewe mwezi ukiisha.

Nilimuuliza kuhusu ule mtaro. Akaona haya. "Kwani alikuambia? Viatu viliharibika, bana." Basi.

Nimemwandikia dada wa kampuni kwamba hakuna sehemu ya pili. Nimeandika kwa adabu. Amejibu kwa emoji ya uso unaolia na kuniambia nifikirie tena, nafasi hizi hazirudi. Video yangu nimeifuta, lakini kuifuta ni kama kuchota maji ya mto uliokwisha kupita. Zile zao zipo. Za wauza magodoro zipo. Mtoto wetu, Mungu akitujalia, ataziona siku moja na kuuliza huyo bibi anamkimbia nani. Nitalazimika kumweleza yote, pamoja na kicheko ni cha nani.

Najuta. Neno dogo, lakini nimelitafutia kubwa zaidi na sijalipata. Nilitaka watu waone ninavyopendwa, na nikawauza walionipenda.

Kabla ya kuandika hapa nilimpigia Mama. Leo simu haikuwa na shughuli. Nikamwambia ukweli, kwamba naogopa Jumatatu. Wale vijana wa bodaboda watakuwepo, wanawake wa kwaya watapita, wengine watatoa simu zao.

"Wakicheka, nitaangalia wapi?" nikamuuliza.

"Angalia maharagwe," akasema Mama. "Yana mawe mengi, yanataka kuchambuliwa."