Waranti ya Ronny Imefutwa

Ruiru,
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Kanini,

Pokea salamu zetu sote. Huko Voi mnaendeleaje, na lile goti limepata nafuu? Sisi tuko wazima, ila baridi ya Juni imetushika.

Najua umekuwa ukingoja habari za Ronny tangu apande gari kuja huku. Shangazi, ile waranti ya kumkamata imefutwa. Kaka yangu yuko huru.

Jumanne nilimsindikiza mahakamani Thika. Wakili alimshauri ajipeleke mwenyewe kabla ya kushikwa. Asubuhi hiyo alishindwa kufunga vifungo vya shati, nikamfungia mimi.

Hakimu, mama wa makamo, alimuuliza, "Uliachiliwa kwa dhamana ukaambiwa urudi. Ulikuwa wapi miaka hii yote?"

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," Ronny akajibu. "Baba alinipeleka kwa shangazi nijifiche. Baadaye nikaogopa kurudi."

Mwenye ile pampu ya maji aliyoshtakiwa Ronny kuiiba alishafariki, na hakuna shahidi aliyebaki. Upande wa mashtaka ukaondoa kesi, hakimu akafuta waranti. Saa sita haikutukuta ndani.

Nilidhani atafurahi. Alikaa kwenye ngazi akalia.

"Kumbe ni jambo la asubuhi moja tu, Mbula," aliniambia. "Na Baba nimemzika kwa simu."

Wewe ulimwona Januari, akitazama mazishi hapo sebuleni kwako kwa kuogopa kwamba chifu angemshika kaburini.

Usijilaumu, Shangazi. Wewe na Baba mlikuwa mnaokoa mtoto. Linaloniuma ni kwamba kwa miaka hiyo yote hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza mtu wa sheria. Tuliogopa hata kulitaja jambo lenyewe.

Kutoka hapo tulipanda bodaboda hadi kwetu Gatuanyaga. Kaburini kwa Baba aling'oa majani, akafuta vumbi kwenye msalaba kwa kitambaa chake. Kisha tukaenda nyumbani. Mlango ulikuwa wazi, lakini Ronny alisimama nje, akabisha hodi kama mgeni, akangoja akaribishwe. Mama alienda akamshika mkono, akamwingiza.

Ronny bado yuko kwa Mama. Mama anaomba uje ukae nao kidogo, goti likikuruhusu.

Nisalimie jirani yako Mzee Okello na binti yako, dada yetu Ciku. Mungu awape afya, na atujalie tuonane tukiwa hai.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye sana,
Mbula