Maharage, Malori na Kiti cha Skola

Jumatatu, 9 Septemba 1996
Nimeanika maharage tangu asubuhi. Fukusi wameanza kuyatoboa. Soko baya. Kambini walipata mgao juzi, na leo wakimbizi wamejaa hapa Kibondo na mahindi ya msaada, maharage ya msaada, mafuta ya msaada. Nani aninunulie mimi? Debe limeshuka hadi aibu.

Stoo imejaa hadi mlangoni. Kila nilichokuwa nacho nilikitia kwenye mavuno ya Julai. Nikikosea msimu huu, chumba hiki anachukua mwingine na mimi nakwenda Kumsenga kulima kwa kaka. Ndivyo ilivyo, hakuna haja ya kuzunguka.

Skola, mwenzangu wa stoo, angekuwepo angesema tuuze. Skola hayupo. Yuko Tabora na mume wake, anakula wali.

Alhamisi, 12 Septemba
Kaka Yohana amekuja na baiskeli. Ameleta ndizi na maneno yale yale. "Anastazia, ile nyumba ndogo nimeshaiezeka upya. Mwanamke kukaa peke yake mjini na magunia, ni maisha gani?"

Nikamwambia ni maisha yangu. Akacheka. Ni mtu mwema, ndiyo maana ananikera. Angekuwa mbaya ningemfukuza. Nimempikia, amekula, ameondoka. Sufuria moja, sahani mbili. Nilikuwa nimesahau sahani ya pili iko wapi.

Jumapili, 22 Septemba
Baada ya misa nilikaa stoo nikafikiri. Miaka yote ile hatukuwa na akili nyingi, mimi na Skola. Tulikuwa na ubishi. Mimi ni mtu wa kushikilia, yeye ni mtu wa kuuza. Bei ikipanda nasema ngoja, anasema uza. Tunagombana mpaka tunachoka, mwishowe tunauza nusu. Nusu hiyo ndiyo iliyotulisha. Nilidhani ni hekima yangu.

Leo nimejaribu. Nikakaa kwenye kigoda changu nikasema kwa sauti: ngoja. Nikahamia kwenye kiti chake nikasema: uza. Nikarudi. Nikahamia tena. Mke wa mwalimu akaingia kununua kibaba, akanikuta nabishana na kiti. Alinunua haraka akaondoka. Kufika jioni watakuwa wamejua mpaka Kasulu.

Halafu Skola wa kitini ananikubalia kila kitu. Hana faida.

Ijumaa, 4 Oktoba
Mgao umechelewa. Hakuna anayejua kwa nini. Mvua ya kwanza imenyesha pia, watu wanatafuta mbegu. Bei imepanda, ikapanda tena. Debe ambalo mwezi uliopita nilikuwa nabembeleza nalo, leo linabembelezewa. Wanasema "mama, tuuzie," na mimi natazama pembeni kama bibi harusi.

Sijauza hata kisado. Ni tamaa, najua. Mzee Baltazari wa stoo ya jirani ameniambia kupitia ukutani, "Shikilia mama, shikilia, wiki ijayo tutanunua magari." Yeye naye hajauza. Tumefurahi kila mtu upande wake wa ukuta.

Jumamosi, 5 Oktoba
Malori.

Yamepita asubuhi kuelekea kambini, mengi, yamefunikwa maturubai. Hapa kila mfanyabiashara anajua kusoma lori. Hutazami turubai, unatazama springi. Springi zikilala, ni chakula. Na leo zilikuwa zimelala. Soko zima lilisimama kando ya barabara kuchungulia chini ya magari, wazee wazima wameinama.

Mgao umefika, wakasema. Bei ikaanguka kabla vumbi halijatulia. Kila mtu akawa anauza na hakuna anayenunua, isipokuwa bwana mmoja mnunuzi wa Tabora, mwenye lori la Fuso, ametulia zake anakunywa chai. Baltazari alimwuzia stoo yote. Na mimi nikamfuata. Nikauza nusu, kwa bei ya kutupa. Hapo si ubishi ulioniachia nusu nyingine. Fuso lilijaa, basi.

Nilihitaji mtu mmoja tu wa kuniambia ngoja. Mtu mmoja! Ajabu, mwenye kusema ngoja siku zote nilikuwa mimi.

Jumatano, 9 Oktoba
Utingo wa lori moja alisimama kununua sigara, akatueleza. Hakikuwa chakula. Ni nguzo, maturubai ya kuezekea, ndoo na masufuria. Kambi inapanuliwa. Kuna watu wanatarajiwa.

Kwa hiyo springi zililala kweli, ila kwa miti. Tulisoma vizuri tukaelewa vibaya. Bei imerudi juu kuliko Ijumaa. Baltazari amefunga stoo, mke wake anasema ana malaria. Mimi nimelia nyuma ya magunia. Nimemtukana Skola pia, ingawa hana kosa lolote isipokuwa kuolewa.

Kisha nikaosha uso nikafikiri kwa ukali. Sijui bei ya kesho. Baltazari hajui. Hata yule wa Tabora hajui, yeye alikuwa na nafasi tupu kwenye gari na moyo uliotulia. Kinachoniua si bei kupanda na kushuka, ni kufanya kila kitu kwa siku moja. Kuanzia leo, kila gulio nauza kiasi kile kile, iwe juu iwe chini. Na habari ikija siuzi wala sinunui mpaka nimelala nimeamka. Sina Skola. Nitakuwa na kanuni. Kanuni haicheki, haipigi soga, lakini haitaolewa Tabora.

Jumanne, 15 Oktoba
Mabamba mpakani, kujaza stoo. Watu wanavuka toka asubuhi. Wamebeba magodoro, kuku, watoto. Walio na maharage wanayauza kando ya njia kwa bei yoyote, maana hawawezi kuyabeba zaidi. Wanunuzi kutoka Kibondo tumejaa. Tumejaa sana. Tulikuwa tunawahi.

Mama mmoja alinishika kanga. Alikuwa na mfuko mdogo wa mbegu, mchanganyiko wa rangi zote, zimechaguliwa moja moja. Mbegu mtu haiuzi. Mtu analala njaa mbegu iko ndani. "Mama, gura," alisema kwa Kirundi, nunua. Nikamwambia abakize kidogo ya kupanda. Akanijibu, "Umurima uri he?" Shamba liko wapi?

Nilinunua. Nilimwongezea juu ya bei ya wenzangu, kidogo. Ningeweza kuongeza zaidi, najua bei ya Kibondo, yeye haijui. Nilirudi juu ya magunia, mfuko ule mapajani. Kumbe ndiyo hii inayoitwa bei imepanda. Ina miguu, inatembea, ina watoto mgongoni.

Jumatatu, 28 Oktoba
Bei imeruka, imeanguka, imeruka. Mgao umekuja, mpaka umefungwa, mpaka umefunguliwa, redio imesema hivi, abiria wa basi la Kasulu wamesema vile. Nimeuza kiasi changu kila gulio. Bei ilipokuwa juu roho iliniuma kwamba nauza kidogo. Ilipokuwa chini iliniuma kwamba nauza. Nimeiacha iume.

Baltazari amerudi, amekonda, ananiita "mashine." Amenichungulia nikipima akasema, "Wewe mama huogopi?" Naogopa. Ila mkono unapima.

Chumba nimekilipia kodi ya mwaka mwingine mzima. Nilitaka kumwambia mtu. Nikasimama mlangoni muda, nikaona kila anayepita ana safari yake.

Jumapili, 10 Novemba
Kaka Yohana amekuja baada ya misa. Nimechinja jogoo. Tulipokwisha kula nikamwambia wazi kwamba siendi Kumsenga, stoo imesimama, nitabaki hapa na mwakani pia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nimeutamani, nadhani.

Hakubisha. Alichokonoa meno, akasema, "Basi vizuri. Maana ile nyumba nimewapa watu waliovuka. Mama na watoto watatu. Mvua ilikuwa inawanyeshea, na wewe ulikuwa hujasema ndiyo."

Nikamwambia amefanya vema. Na amefanya vema kweli. Nikamfungia kilo kadhaa za maharage awapelekee, akafunga kwenye baiskeli, akaondoka mapema kuwahi mvua.

Miaka yote nilikuwa naikataa nyumba ile, na miaka yote ilikuwepo. Leo hakuna mahali duniani ninapongojewa. Nimepata nilichokitaka: chumba, magunia, na mlango ambao haugongwi ila na mteja.

Mvua imeanza. Nimesogeza magunia ya ukutani yasilowe. Kesho ni gulio.